Simu ya Mvua, Siku Saumu Alipokuwa Fisi

Ukitaka kumjua Saumu, usimuulize jina. Mwangalie jioni akifunga kibanda chake pale sokoni Otonglo. Atafunga kufuli, atalivuta. Atapiga hatua tano, atarudi kulivuta tena. Kuna siku ameshapanda bodaboda, leso imekaa sawa, mkoba uko mapajani, halafu utasikia: "Ngoja kidogo, baba." Anashuka kwenda kuhakikisha. Vijana wa stendi ile wamemzoea, hawawashi injini mpaka arudi mara ya pili. Na kufuli lenyewe linalinda nini? Magunia matatu ya omena, wale dagaa wa ziwani, mkebe wa kupimia na kigoda. Mwizi wa omena atanuka mpaka Kisian, na paka ndio watakaomkamata. Lakini mwambie Saumu hivyo uone kama atalala.

Kuna watu huzaliwa na mwanya. Saumu alizaliwa na wasiwasi. Babu yake alikuja Kisumu na reli kutoka pwani, akipika chakula cha mafundi, akamwoa Mluo wa Seme, na tangu hapo ukoo wao umekaa Kaloleni ukizungumza lugha tatu. Saumu huhangaika kwa zote tatu. Akiwa na miaka tisa alilamba sukari ya mama yake, akasema ni siafu. Siku hiyo hiyo akashikwa na homa, siku mbili mwili unachemka, mpaka akakiri kitandani. Mama yake akamkanda maji akamwambia, "Mwanangu, uongo haukukai tumboni. Waachie wenye tumbo."

Akawaachia. Akakua, akaolewa na Bakari dereva wa lori, akazaa Laila, akafungua kibanda, na kote huko hakudanganya mtu. Si kwamba alikuwa malaika. Aliogopa homa.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa mjini hawalijui, hata wale waliosoma mpaka wakavaa miwani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi hutandazwa juu ya nyavu kuukuu mchangani, jua likazikausha. Jua zuri la siku moja linatosha. Lakini zikinyeshewa zinalegea, na zikinyeshewa mara ya pili hazifai tena kuwekwa mezani pa mtu. Zinakuwa chakula cha kuku. Kule Usenge, ambako Saumu hununulia, kuna ubaya mmoja zaidi: kilima kimekaa nyuma ya ufuo kama mlango uliofungwa. Mvua ya alasiri hutoka upande wa Kisumu, nyuma ya kilima, na ukiiona kwa macho yako imeshafika kichwani.

Ndiyo maana kuna simu ya mvua. Wingu likipanda juu ya milima ya Riat, mwenye kibanda Otonglo anampigia wa Usenge. Mvua ya Otonglo hufika Usenge baada ya saa moja na nusu hivi, na ikisukumwa na upepo, saa moja. Kwa miaka sita Saumu alikuwa akimpigia Nabwire, mzaliwa wa kule Samia aliyeolewa Usenge, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku za kazi kulikuwa pia na Emmaculate wa Kisian, wa kuongezea neno. Lakini Saumu ndiye wa kwanza, na Nabwire hakuwahi kuuliza mara mbili. Simu ikisema mvua, anainama na kukusanya.

Walikuwa wameonana uso kwa uso labda mara nne. Urafiki wao wote ulikuwa sauti.

Mchezo uliletwa na Uzair, fundi wa simu wa Kaloleni, binamu yake Saumu. Uzair alianguka kwenye ngazi akavunjika mguu, na mtu wa mdomo kama ule ukimlaza kitandani miezi miwili atatafuta mahali pa kuumwaga. Akaunda kundi kwenye simu, akawaita watu wa barabara ya Busia anaowatengenezea simu, akawafundisha mchezo wa Kijiji. Watu tisa au kumi, kila Jumapili alasiri, wote kwenye laini moja.

Mchezo ni mwepesi, hata mimi niliuelewa, na mara ya kwanza nilikula kijiji kizima kabla chai haijapoa. Uzair ndiye mzee wa kijiji. Anamwandikia kila mtu kwa siri yeye ni nani. Wengi ni raia, wawili ni fisi, na fisi wanajuana. Akisema "usiku umeingia," wote wanafunga vipaza sauti, fisi wanamwandikia jina la wa kuliwa. Akisema "kumekucha," anatangaza maiti, na walio hai wanabishana kutafuta fisi, kisha wanapiga kura kumtoa mmoja. Fisi wakiisha, raia wameshinda. Fisi wakilingana na raia kwa idadi, kijiji kimeliwa. Na kuna sheria mbili za Uzair: kumwandikia mwenzako pembeni ni wizi, na ukitoka kwenye laini, umekufa. Hiyo ya pili aliitunga kwa sababu ya Ouma, fundi wa mitumbwi wa Usenge, aliyekuwa akibanwa tu anasema netiweki imepotea. Siku moja Ouma alitia omena kwenye mafuta moto, akasogeza simu karibu na kikaango, akalia, "Yawa, mvua imenikuta, natoka!" Walimwamini wote. Ikawa mzaha wa kundi kwa wiki nzima.

Mwanzoni Saumu alipewa uraia, akashukuru. Akiwa raia alitetemeka vile vile, akashukiwa, akatolewa na kufurahi kutolewa. Halafu Jumapili moja ujumbe ukaja: *Wewe ni fisi.*

Alitaka kusema anaumwa. Alinawa uso mara mbili. Lakini raundi ya tatu Bridget, mwenye saluni Maseno, mwanamke wa ulimi mkali, alimgeukia. "Mimi naona ni Saumu. Leo amenyamaza kama amekunywa gundi."

Hapo likatokea jambo ambalo Saumu mwenyewe hakulitarajia. Sauti ilimtoka laini kama uji wa mtoto.

"Nabwire nyaminwa, dada yangu," akasema. "Miaka sita. Nimewahi kukudanganya mvua?"

"La," Nabwire akajibu. "Hata siku moja."

"Basi kwa simu hiyo hiyo ya mvua, mimi si fisi."

Nabwire hakufikiri. Akampigia kura Bridget, na wengine wakamfuata, maana neno la Nabwire ni zito. Bridget akatolewa akitukana kwa upole. Usiku wa mchezo ukaingia, Saumu akamla Nabwire, na kijiji kikaisha.

Watu walicheka mpaka laini ikakwaruza. Mathenge, muuza viazi wa Kibuye, alipiga makofi. "Saumu! Kumbe wewe ni mwizi wa kuzaliwa! Umejificha wapi miaka yote?" Katikati ya kicheko hicho Nabwire akasema polepole:

"Eh. Kumbe hiyo sauti inafanya kazi mbili."

Wakacheka zaidi. Saumu naye akacheka. Akaenda nyumbani, akalala chali akiingoja homa. Haikuja. Alijigusa shingo mara nyingi, ilikuwa baridi kama mtungi. Na hilo ndilo lililomtisha.

Jumatano wingu likapanda, akapiga simu. "Nabwire, koth biro." Mvua inakuja.

Kikaja kicheko kilichochelewa. "Ni Saumu wa mvua au Saumu wa fisi?"

"Wacha mchezo, ni kweli!"

"Haya. Nakusanya."

Akakusanya. Na mvua ile, kwa ukaidi wake, ikafika Maseno ikageuka ikaenda zake. Wingu lina miguu yake, halitumwi. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtu aliyekunja nyavu zake bure jua likiwaka. Nabwire hakulalamika. Ijumaa Saumu alipopiga tena, Nabwire alisema tu, "Nimesikia." Akakusanya akiwa amechelewa, na omena za siku hiyo zikapata matone. Saumu alizipata habari hizo kwa Ouma, si kwa Nabwire. Akaanza kuvuta kufuli mara nne.

Alitaka kuomba msamaha, lakini utaombaje msamaha wa mchezo? Utaanza wapi? "Nisamehe nilikula"? Akasema moyoni atatulia, Jumapili atapewa uraia, atasema kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na mambo yatajirudi yenyewe.

Jumapili ikafika. Alikuwa kibandani, soko limelala, wenye vibanda wengi wamekwenda kanisani. Kabla ya kuanza, watu wakajuliana hali kama kawaida.

"Nabwire, uko ufuoni au uko nyumbani?" Uzair akauliza.

"Niko nyumbani, nje tu hapa. Leo nimeanika nyavu tano. Mbili ni ile ya Ijumaa iliyolowa kidogo, nimeirudisha juani pamoja na ya leo. Wenzangu wote wako ibadani, niko peke yangu na ndege."

"Ikilowa tena?"

"Ikilowa tena ni ya kuku. Wiki yangu yote iko hapo chini, Uzair. Lakini jua la leo ni zuri. Na niko na mtu wangu Otonglo, ama namna gani, Saumu?"

"Niko," Saumu akasema, na wakati huo huo simu ikatetemeka mkononi. *Wewe ni fisi. Mwenzako ni Mathenge.*

Uzair, binamu mtu, angekuwa karibu Saumu angemfinya.

Wakacheza. Mathenge alikuwa fisi wa furaha, anaongea kama mtu anayeuza viazi vya jana. Saumu alijificha nyuma ya kelele zake. Raia mmoja akaliwa, mwingine akatolewa kwa kura, mwingine akaliwa, kisha kura ikamtoa mtu wa Maseno ambaye hakuwa na neno. Saa tisa na dakika kumi Saumu akainua macho kutoka kwenye simu.

Juu ya Riat kulikuwa na wingu. Halikuwa kubwa bado, lakini lilikuwa jeusi kama kitako cha sufuria ya matanga, na chini yake hewa ilikuwa imeshashona kijivu mpaka ardhini.

Akafungua mdomo. Akaufunga.

Nikuambie alichofikiri, na usimhukumu haraka, maana wewe pia una lako. Alifikiri: nikisema sasa, watasema ni hila. Wataishia kunicheka, Nabwire ataniuliza ni Saumu gani. Wacha raundi hii iishe. Alifikiri pia, na hili hakumwambia hata Bakari, kwamba walikuwa wanakaribia kushinda, na kwamba kushinda kulikuwa na utamu ambao hakuwahi kuonja maishani. Mtu aliyetetemeka miaka arobaini na moja, siku moja anashika usukani. Basi akamwandikia Uzair jina la Ouma. Ouma akaliwa, akaondoka kwenye laini akilaani. Wakabishana. Kura ilikuwa bado haijapigwa. Muda wote huo Saumu alikuwa akiangalia wingu, kisha simu, kisha wingu, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya viatu.

Wakabaki watano. Saumu na Mathenge, fisi. Nabwire, Bridget, na dada mmoja wa Luanda, jirani na Maseno, aitwaye Seline, raia. Akipungua raia mmoja tu, kijiji kimeliwa.

Upepo ukaja kwanza, ukainua vumbi la barabara. Halafu tone likagonga bati la kibanda. Halafu mia.

Saa tisa na dakika arobaini. Saumu alipiga hesabu ile ya miaka sita, nayo ikamrudia kama kofi. Wingu lilikuwa na upepo. Nusu saa ilikuwa imeshaliwa. Kukusanya nyavu tano kwa mikono ya mtu mmoja ni kazi ya saa moja na nusu.

"Nabwire," akasema. "Mvua."

Bridget akapasuka kicheko. "Haya! Ameanza! Nilijua ataileta hiyo mvua, nilijua tu!"

"Bridget, nyamaza! Nabwire, koth biro, kweli, iko hapa inanigonga kichwa. Amka ukusanye."

"Akiamka ataacha simu, atatoka kwenye laini," Seline akasema. "Akitoka amekufa. Akifa, fisi wameshinda. Saumu, wewe unatuona watoto?"

"Sikieni bati!" Saumu akatoka nje, akainua simu mvuani. "Sikieni!"

"Hizo ni omena kwenye kikaango," Bridget akasema, na akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo tulishaila kwa Ouma. Leta nyingine."

"Uzair, sema kitu! Wewe ni mzee wa kijiji!"

"Mimi hapa Kaloleni naona jua, Saumu," Uzair akasema, na sauti yake ilikuwa na mashaka kidogo, lakini mashaka ya mtu anayependa sheria zake. "Na mzee haingilii. Mnajua hivyo."

Hapo ndipo Mathenge akaja na msaada wake, na msaada wa mjinga ni mzigo wa pili. Alidhani mwenzake ametega mtego wa dhahabu, akaona aukaze. "Mimi namuunga mkono Saumu! Hata hapa Kibuye inanyesha, jamani! Mvua ya mawe! Viazi vyangu vinaogelea! Nabwire mama, kimbia, kimbia usiangalie nyuma!" Na nyuma ya sauti yake, wazi kabisa, mtu akasikika akilalamika kwamba jua la leo litaua watu.

Bridget alilia kwa kucheka. Nabwire hakucheka.

Saumu akapunguza kipaza sauti, akamwandikia pembeni kwa vidole vilivyolowa: *Nabwire ni kweli kabisa. Kusanya.* Akaona alama za kusomwa. Akasubiri.

"Ameniandikia pembeni pia," Nabwire akasema kwenye laini, polepole, kama mtu anayeinua kitu kutoka chini akakikuta kimeoza. "Saumu. Hata pembeni?"

"Huo ni wizi!" Seline akasema. "Tumtoe sasa hivi."

"Nabwire," Saumu akasema, na sasa sauti ilikuwa imevunjika, haikuwa uji tena. "Nakuapia."

"Ulishaniapia. Uliniapia kwa simu ya mvua. Sasa utaniapia kwa nini?"

Ukishavunja chungu kwa kukitumia kama nyundo, maji utayachotea nini? Alisimama pale katikati ya soko, leso imemgandia, wingu likimpita kichwani kuelekea magharibi, kuelekea Kisian, kuelekea yule mwanamke na nyavu zake tano. Emmaculate wa Kisian alikuwa kwenye kwaya, simu imezimwa, na Ouma hakushika; wote alishawajaribu. Akatafuta kichwani kitu cha kutoa, kitu ambacho mwongo hawezi kukitoa. Akakipata.

Maana kuna sheria moja ambayo hata Uzair hakuitamka, na kila mtu anaijua: fisi hamtaji fisi. Unaweza kulia, kuapa, kumuuza mama yako, lakini unakufa na jina la mwenzako kinywani. Tangu mchezo uanze, miezi mitano, hakuna aliyewahi kuivunja.

"Mimi ni fisi," Saumu akasema. "Nitoeni. Na mwenzangu ni Mathenge."

"Ni Mathenge," akarudia kwa kelele, mvua ikimwingia mdomoni. "Mwanzo mpaka mwisho ni mimi na Mathenge. Tumemla Ouma. Mmeshinda, raia mmeshinda, mchezo umekwisha! Hakuna tena cha kudanganyia! Nabwire, sasa nina faida gani? Kusanya omena!"

Na hapo, kutoka Kibuye, ikapanda sauti ambayo hakuna mwigizaji angeweza kuitoa, sauti ya mtu aliyepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe.

"SAUMU! Wewe mwanamke! Umeniuza? Tulikuwa tumebakisha mmoja! Mmoja tu, Saumu! Nimekukosea nini mimi? Haki, nimekukosea nini?"

Hakuna aliyecheka. Kikasikika kishindo kidogo, kama kiti cha plastiki kikianguka, halafu simu zote zikaonyesha jambo moja: Nabwire ametoka kwenye laini.

Saumu alirudi chini ya bati akakaa kwenye kigoda. Alikuwa ametota mpaka kwenye kucha. Simu ilikuwa inalia kwa jumbe za kundi. Mathenge alikuwa ameandika mistari kumi na miwili na kila mstari unaishia na jina la Saumu, Uzair anauliza kama ni kweli, Bridget akasema basi Mungu atusamehe. Hakuzisoma. Aliifuta simu kwa leso iliyolowa, ikalowa zaidi.

Akampigia Nabwire. Haikushikwa. Akajiambia ni vizuri, mikono iko kazini. Akapiga tena, akajiambia labda hakwenda, labda amekasirika tu akazima. Akapiga mara ya tatu na kuikata kabla haijalia, kwa kuogopa kumtoa kwenye nyavu. Akawaza njia nzima ya lile wingu: sasa liko Kisian, sasa linapanda Maseno, labda litageuka kama Jumatano. Halafu akashtuka, maana likigeuka itakuwa vibaya zaidi. Ataonekana mwongo mara ya pili. Akajikuta anaomba mvua inyeshe. Akajikuta anaomba isinyeshe. Akasema astaghafirullah, akanyamaza, maana hata Mungu angeuliza huyu anataka nini hasa.

Saa kumi na dakika arobaini, Ouma akaandika kwenye kundi neno moja kutoka Usenge: *Inamwaga.*

Saumu alifunga kibanda. Alilivuta kufuli mara moja tu, akasahau kurudi. Kijana wa bodaboda alishangaa, akawasha injini kwa wasiwasi.

Simu ya Nabwire ilikuja saa kumi na mbili kasoro, Saumu akiwa mlangoni kwake Kaloleni, Laila akimshikia taulo.

"Nabwire."

"Min Laila." Mama Laila. Nabwire alikuwa anahema. Nyuma yake maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye paa. "Nyavu tatu nimeingiza. Ya leo yote iko salama. Mbili zilinishinda, zile za Ijumaa. Zimelowa."

"Ya kuku?"

"Ya kuku."

Saumu alishika ukuta. Alitaka kusema pole, lakini Nabwire alikuwa anaendelea, na sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya kupimia omena kwa jicho.

"Nimeamini uliposema Mathenge. Nilisikia vile alilia. Mtu hawezi kulia hivyo kwa uongo. Sasa nikuulize kitu kimoja, na unijibu. Hilo wingu uliliona saa ngapi?"

Hapa ndipo pangekuwa rahisi. Saa tisa u nusu, ningesema mimi. Ningesema saa tisa u nusu na kuongeza kwamba nilikuwa naosha vyombo. Nani angejua? Hata Saumu jibu hilo lilimjia, likamfika ulimini likiwa laini, tayari, bila homa yoyote. Alilisikia kabisa pale mdomoni. Na aliogopa jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Saa tisa na dakika kumi," akasema. "Kabla Ouma hajaliwa."

Maji yakaendelea kutiririka kule Usenge.

"Na uliongea saa ngapi?"

"Tisa na arobaini."

"Nusu saa."

"Nusu saa. Nilikuwa nataka kushinda, Nabwire."

Laila alikuwa amemkodolea macho mama yake. Kule upande wa pili Nabwire alivuta pumzi, akaitoa.

"Hizo nyavu mbili ndizo nusu saa," akasema. "Haya. Ngoja nitoe maji ndani ya nyumba." Akakata.

Jumatatu Nabwire hakupiga. Jua liliwaka siku nzima, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kupiga, lakini Saumu aliiangalia simu kama mgonjwa anayeangalia mlango wa daktari. Mathenge alipita Otonglo na pikipiki ya viazi, akamsalimu akiwa ameangalia upande mwingine. "Salama, msaliti." Kwenye kundi walikuwa wameanza kukubaliana kwamba Jumapili Saumu asipewe tena ufisi, si kwa sababu anadanganya sana, bali kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mwenzake. Saumu hakujibu. Alimwandikia Nabwire ujumbe mrefu akaufuta, akaandika mwingine akaufuta pia.

Jumanne, saa nane mchana, alikuwa anampimia mteja mkebe wa omena simu ilipolia. Akaona jina. Omena zikamwagika mezani.

"Saumu," Nabwire akasema, bila salamu, kama alivyofanya siku zote za miaka sita. "Kwako kuko aje?"

Saumu alifungua mdomo kujibu kwamba kuko sawa, jua tu. Akaufunga. "Ngoja," akasema. "Usikate, ngoja."

Akamwacha mteja na mkebe wake. Akatoka chini ya bati mpaka kando ya barabara, simu ameikandamiza kifuani, akaangalia Riat. Akaangalia kushoto mwa Riat. Akatembea hatua tano kupita ile miti inayoziba, akaangalia tena, mkono juu ya macho, akahesabu kila kipande cheupe mpaka akahakikisha ni cheupe. Aligeuka kurudi, akasita, akaenda kuangalia mara ya tatu.

"Bado uko?" akauliza.

"Niko," Nabwire akasema. "Nangoja wewe."